Mstari wa Papa Mumbere

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Dorcelle alikuwa na kazi zake pale depo. Alifagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Depo ya wazazi wake ilikuwa Naviundu, mtaa mmoja wa Lubumbashi, upande wa barabara inayoteremka mtoni, na zamani ilijaa mpaka ukakosa pa kuweka mguu: marobota ya vitenge, ndoo, sufuria, mablanketi. Lakini mwezi huo wa pili wa mwaka 2025 zilibaki rafu tupu na katoni chache za viberiti. Vita vilikuwa vimeifunga njia ya mashariki. Wateja walichungulia mlangoni, wakauliza, wakasikitika, wakaenda zao.

Kuiwasha kompyuta haikuwa kazi ya Dorcelle. Hiyo ilikuwa ya mama yake, Mama Joséphine, na hakumwachia mtu. Alibonyeza kitufe, akafuta kioo kwa ncha ya kitenge chake, akangoja. Skrini ikawa nyeusi, halafu ikatokea mistari miwili ya maandishi meupe. Wa kwanza uliandikwa MUMBERE. Wa pili uliandikwa DÉPÔT. Chini yake tarakimu zilianza kurudi nyuma: thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane.

Mama Joséphine akafumba macho na kuinamisha kichwa. "Papa Dorcelle, umeamkaje leo?" alinong'ona. Kisha akamwomba Mungu amlinde mumewe popote alipo, ampe maji, ampe pa kulala. Tarakimu zilipofika sifuri, mashine ilifungua DÉPÔT yenyewe, naye akasema amina, akaanza kazi.

Dorcelle alisimama nyuma yake na ufagio mkononi. Maana katika dunia nzima walikuwa yeye na rafiki yake mmoja tu waliojua siri ya mstari ule wa kwanza. Nyuma ya jina la baba yake hapakuwa na kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amefuta vyote vilivyokuwamo.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana jambo lenyewe si gumu. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ya uendeshaji. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuisimamia. Bila huo, kompyuta ni sanduku la bati tu. Papa Mumbere alijifunza kompyuta ukubwani, kwa shida, kidole kimoja kimoja, katika mfumo wa zamani. Fundi alipoleta mfumo mpya kwa ajili ya kazi za depo, mzee alikataa katakata ule wa kwanza uondolewe. "Huu mupya iko wa kazi," alisema. "Ule iko wangu. Vidole vyangu vinaujua." Fundi akacheka, akaiacha yote miwili, kila mmoja katika sehemu yake ya diski, akaipa majina. Tangu hapo, mashine ilipowashwa iliuliza kwanza: unaingia kwa Mumbere au unaingia Dépôt?

Upande wa Papa Mumbere hakuna aliyeugusa. Katika nyumba yao kulikuwa na desturi: mtu akisafiri, vitu vyake vinabaki kama alivyoviacha mpaka arudi mwenyewe. Sahani yake haitumiwi. Kiti chake hakikaliwi. Kwa familia ya wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, ambao baba huwa njiani nusu ya mwaka, hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kusema kwamba mahali pa mwenye safari pangalipo.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, Papa Mumbere aliondoka kwenda Goma kumchukua mama yake mzazi, aliyekuwa mgonjwa, amlete Lubumbashi. Alisema atakaa wiki tatu. Wiki moja baadaye, Dorcelle na rafiki yake Gracia walikuwa peke yao mbele ya kompyuta, na flashi iliyojaa filamu ya mfululizo, sehemu zaidi ya mia moja. Mashine ikakataa. Hakuna nafasi.

"Si kuna ile sehemu ya papa yako?" Gracia alisema. Gracia alikuwa mtoto wa mtaa uleule, mwenye vicheko vingi na woga kidogo sana. "Kaka yangu alinionesha. Unafuta, unapata nafasi mingi sana!"

"Na papa akirudi?"

"Utasema ni courant. Nani atabisha?"

Na kweli, nani angebisha? Katika mji ule, umeme ulikatika na kurudi mara tano kwa siku, na kila kilichoharibika, kuanzia friji hadi taa ya mkononi, kilisingiziwa umeme. Kosa la umeme lilikuwa halina mwenyewe. Dorcelle alifikiri kidogo, kidogo sana, halafu akabonyeza. Sehemu ya baba ikafutika. Nafasi ikapatikana. Wakanakili filamu yao, wakakaa kuitazama, wakacheka mpaka machozi.

Kesho yake alishangaa kuona jina la MUMBERE bado linatokea mashine inapowashwa. Alikuwa amefuta kilichomo, lakini mstari ulibaki pale pale kwenye orodha ya kuwashia. "Basi ni bahati yako," Gracia akamwambia. "Hakuna atakayejua."

Kisha vita vikaingia Goma. Simu ya Papa Mumbere iliita siku mbili bila kupokelewa, siku ya tatu haikuita tena. Tangu asubuhi ile, Mama Joséphine alianza kusali mbele ya mstari. Dorcelle hakutazama filamu tena. Gracia, yeye, aliendelea kuja kila Ijumaa na flashi yake kuongeza sehemu mpya, na Dorcelle alimwacha, kwa kuwa angemkataza angelazimika kusema sababu.

Siku ya Alhamisi, Papa Emery alifika depo. Alikuwa mzee wa kanisa lao na mkubwa wa chama cha watu wa Kivu waliokaa Lubumbashi. Alikaa juu ya katoni, akaweka kofia gotini.

"Mama Dorcelle, kuna njia moja imefunguka," alisema. "Kuna bantu kule Goma banazunguka hospitali zote. Kuna bagonjwa hawawezi kusema, na kuna bengine hawana jina. Banatuomba picha za bantu betu. Lakini picha ya karibuni, na ionekane sura. Ninatuma zote Jumamosi saa sita. Kisha hiyo, sijui kama njia itafunguka tena."

Mama Joséphine aliitazama picha ya arusi ukutani. Kijana mwembamba asiye na ndevu, wa miaka kumi na mitano iliyopita. Hiyo isingesaidia. Simu yake yeye ilikuwa ya tochi, haina picha. Na Papa Mumbere alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Mwite kwenye picha, utasikia ana mzigo wa kupokea.

"Picha ziko," mama alisema polepole. "Alizitia mwenyewe kwa mashini, na pasipoti yake pia. Ziko kwa upande wake." Akaigeukia kompyuta. "Sikutaka kufungua mpaka arudi."

"Fungua, mama," Papa Emery alisema. "Atakusamehe."

Papa Emery alipoondoka, Mama Joséphine aliizima mashine, akaiwasha upya. Mistari miwili ikatokea. Kwa mara ya kwanza hakungoja tarakimu, alichagua MUMBERE.

Skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maandishi kwa Kifaransa: mfumo hauwezi kuanza, faili halipatikani. Mama alizima, akawasha, akachagua tena. Maandishi yale yale. Akajaribu mara ya tatu. Dorcelle aliona mgongo wa mama yake ukiinama kidogo kila safari.

Pale palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini kilichotoka ni kingine. "Mama, labda ni courant."

Mama Joséphine aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni mimi," alisema. "Jumanne umeme ulienda nikiwa sijazima. Nilisahau. Ni mimi nimeua picha za papa yako, Dorcelle. Mungu wangu, ni mimi."

Dorcelle alitamani ardhi impasukie. Jioni ile mama hakula hata tonge moja la bukari. Alikaa mbele ya mashine, akawasha, akachagua, akazima, akawasha. Dorcelle alihesabu mara kumi na tisa, halafu akaacha kuhesabu.

Ijumaa asubuhi, saa ya mapumziko, Dorcelle alimfuata Madame Constance, mwalimu wa somo la kompyuta. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kasungami, mwenye sauti nzito na miwani iliyofungwa uzi. Dorcelle hakwenda kuungama. Alikuwa amepiga hesabu usiku kucha: mstari ule ukitoweka, mama yake ataacha kujitesa, na jambo litakwisha.

"Madame, kama mashini ilikuwa na mifumo mbili, na moja haiko tena, lakini jina inabaki pale mwanzo... banatoa je lile jina?"

"Ah, hiyo ni kazi ya dakika mbili," Madame Constance alisema. "Ukifuta mfumo, unafuta kilicho ndani ya diski. Lakini ile orodha ya kuwashia iko imeandikwa mahali pengine. Hakuna aliyeiambia kama mwenzake ameondoka, basi inaendelea kumutaja. Unaingia, unaifungua orodha, unatoa mustari." Halafu akavua miwani, akamtazama Dorcelle vizuri. "Lakini mbona unatoka jasho? Ule mfumo ulikuwa na nini ndani?"

"Picha tu, Madame. Za papa."

"Na ulifutwa lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Sikiliza. Ukifuta, vitu havipotei siku ileile. Vinabaki chini, vimefichwa tu, mpaka uweke vingine juu yake. Kama hakuna kilichowekwa, ninaweza kuvitoa. Kila kintu munachoongeza kinaviua kabisa. Kuna muntu ameongeza kintu?"

Dorcelle akahesabu siku. Ijumaa. Leo ilikuwa Ijumaa, na Gracia hakuwa shuleni. Alikuwa ameomba ruhusa, akisema anakwenda hospitali na mama yake. Dorcelle alimjua rafiki yake. Gracia alikuwa amepata sehemu mpya thelathini za filamu, na kama alitoka hospitali mapema, basi sasa hivi yuko depo.

Ndipo akalia. Akalia pale pale uwanjani, wenzake wakitazama, akamweleza Madame Constance kila kitu: filamu, kitufe, umeme uliosingiziwa, sala ya kila asubuhi, na Papa Emery na Jumamosi yake saa sita.

Madame Constance hakumpapasa kichwa. "Nitakuja kisha masomo ya saa sita," alisema. "Lakini mama yako ajue kwanza, na ajue kwa mudomo wako. Mimi siingie kwa nyumba ya bantu na uongo yako mufukoni. Nitakuombea ruhusa kwa mukubwa wa shule. Kimbia."

Dorcelle alikimbia. Viatu vilimbana, akavivua, akavishika mkononi. Alipita soko dogo, akavuka daraja, akapanda barabara ya vumbi huku pumzi zikimkata. Kupitia mlango wa depo alimwona Gracia amekaa mbele ya skrini, na mstari wa kijani wa kunakili ukijaa taratibu.

Alichomoa flashi bila kusema neno.

"Weye! Una kichaa?" Gracia aliruka. "Ilifika nusu!"

"Dorcelle?" Mama Joséphine alitokea nyuma ya rafu. "Kwa nini hauko kwa masomo? Na viatu viko wapi?"

"Mama, si weye," Dorcelle alisema. Alikuwa anahema vibaya. "Si weye na si courant. Ni mimi. Nilifuta upande wa papa mwezi wa kwanza, nipate nafasi ya filamu. Hakukuwa kintu tena nyuma ya jina. Tangu mwezi wa kwanza, mama."

Gracia alitazama chini. Nje, mwanamke aliyeuza mkaa alikuwa akimwita mteja.

"Mimi ninamusalimia kila asubuhi," Mama Joséphine alisema. "Kila asubuhi. Na weye unasimama pale nyuma yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na jana nililia, nikasema ni mimi. Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

Dorcelle alingoja kofi. Alilitaka. Lakini mama yake alikwenda kwenye rafu tupu za mwisho, akasimama na uso ukielekea ukutani, na kukaa hivyo muda mrefu. Hilo lilikuwa baya kuliko kofi. Gracia ndiye aliyetoka kwanza. Alisema, "Mama, tuko wawili tuliofanya, mimi njo nilimwonesha," kisha akaenda zake akilia, na tangu siku ile flashi yake haikuonekana tena pale.

Madame Constance alifika na mkoba mweusi na diski ya nje. Alimsalimu Mama Joséphine kwa mikono miwili, wakanong'onezana kidogo, kisha akakaa kazini. Hakuweka chochote ndani ya mashine ya depo. Programu yake ya kutafuta ilitoka kwenye diski aliyokuja nayo, na kilichopatikana kilikwenda huko huko. Kazi ilichukua mchana mzima. Kila taa ilipopepesa, wote watatu walishika pumzi. Mara moja umeme ulikatika kweli, na ikabidi kuanza upya, lakini safari hii hakuna aliyekuwa na la kuulaumu.

Majina ya faili yalianza kuteremka. Pasipoti ilikuwepo kwa jina tu. Madame Constance alipoifungua ilikuwa rangi ya kijivu tupu. "Filamu imekalia," alisema. Picha nyingi zilikuwa hivyo: kipande cha anga, mguu wa mtu, halafu kijivu. Ubatizo wa Dorcelle, kijivu. Ufunguzi wa depo, kijivu. Kila moja ilipofunguka hivyo, Dorcelle aliinamisha kichwa, na Madame Constance alimwambia, "Tazama. Usifumbe. Hii yote ni sehemu ya kazi."

Ilikuwa yapata saa kumi na moja ya jioni ilipofunguka moja iliyokatwa kifuani. Chini yote kijivu. Lakini juu, akikunja uso kwa jua, akiwa na ndevu zake zenye mvi upande mmoja na alama ya kidonda juu ya jicho la kushoto, alikuwa Papa Mumbere. Sura nzima. Mama Joséphine aligusa skrini kwa vidole viwili.

"Ni huyu," alisema. "Ni yeye huyu."

Wakampigia Papa Emery, akaja, akaichukua kwenye simu yake. Picha ile ingekwenda na nyingine kesho yake.

Kabla ya kufunga mkoba, Madame Constance alisema, "Mama, kunabaki ule mustari. Niutoe?"

"Hapana," Mama Joséphine alijibu haraka. "Uache."

Madame Constance hakubisha. Akasema kwa upole, "Mama yangu, mashini haikukudanganya. Ni orodha tu, haijui kama muntu iko ao hayuko. Lakini ukiuacha, kila siku utagonga mlango ambao nyumba yake haiko. Muumbaji wako hakai pale. Unaweza kumuomba ukiwa unapika."

Mama Joséphine alitazama mikono yake. "Dorcelle," aliita. "Weye njo ulitoa vya ndani. Kuja utoe na jina. Mimi nitakaa hapa, nitazame."

Basi Madame Constance akamwonyesha. Dirisha dogo likafunguka, lenye orodha ya mifumo, mistari yake miwili. Hakikisha kwanza kwamba ule unaobaki ndio ulio kazini, alimfundisha. Soma mara mbili, maana ukikosea hapa mashine haitaamka tena. Dorcelle alisoma mara tatu. Akagusa mstari wa MUMBERE, ukawa wa buluu. Pembeni palikuwa na neno Supprimer, yaani futa. Mwezi wa kwanza alibonyeza huku anacheka. Sasa kidole kilikuwa kizito, na mama yake alikuwa amemshika bega, si kwa kumsukuma, wala si kwa kumzuia. Akabonyeza. Walipoiwasha upya mashine, haikuuliza kitu. Ilikwenda moja kwa moja.

Majibu yalichukua siku tisa. Papa Emery hakuja peke yake. Alikuja na wazee wengine wawili wa kanisa, wote watatu wakiwa wamevaa makoti, katika joto lile. Mama Joséphine aliwaona wakivuka barabara, akaketi chini sakafuni kabla hawajafika mlangoni.

Papa Mumbere alikuwa amepigwa risasi njiani, akienda kumtafutia mama yake maji. Alifia hospitali siku ya tatu, bila simu, bila karatasi, bila kuweza kusema. Waliokuwa hospitali walimpiga picha kabla ya kumzika, kama walivyofanya kwa kila asiyejulikana, wakaweka kijiti chenye namba juu ya kaburi lake. Alama ile juu ya jicho la kushoto ndiyo iliyomtambulisha. Nyanya yake Dorcelle alikuwa hai kwa majirani. Tangu siku ile ya maji alikuwa akikaa mlangoni kumngoja mwanawe arudi. Sasa walikuwa wamemwambia, na wamempeleka akaone mahali alipolazwa.

Kilio kilifanyika Naviundu, mbele ya depo, chini ya turubai, viti vikiwa vimeazimwa kanisani. Watu wa Kivu walikuja, na watu wa mtaa walikuja, na Madame Constance, na wazazi wa Gracia pamoja na Gracia mwenyewe. Dorcelle aligawa maji. Alizunguka na jagi kutoka kiti hadi kiti, ila upande aliokaa mama yake hakuufika. Hakujua atamtazama kwa macho gani.

Siku ya tatu, Mama Joséphine alimwita. Dorcelle akaweka jagi chini, akaenda, akapiga magoti juu ya mkeka.

"Kaa vizuri," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Unakimbia mimi. Unafikiri mimi ninasema moyoni kama umeua papa yako. Hapana. Papa yako aliuawa na vita, na siku ulifuta zile vintu alikuwa angali muzima. Hiyo usibebe, haiko yako."

Dorcelle alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka.

"Sasa nikuambie yenye iko yako. Kufuta, ulikosa kama mutoto. Mutoto anakosa. Lakini ulikaa na uongo ile zaidi ya mwezi muzima, na kila siku picha moja ilikufa, na mimi nilikuwa naomba mbele ya kintu haiko. Ungesema siku ya kwanza, leo tungekuwa na ubatizo wako, na sura ya papa yako akicheka. Hatuna. Tuna nusu ya picha moja."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ulikuja mbio bila viatu. Juu ile mbio njo ilituletea hii nusu. Ungengoja Ijumaa ingine, ile filamu ingekalia na sura yake, na papa yako angebaki namba kwa kijiti, na nyanya yako angali kwa mulango anangoja. Shika hiyo, Dorcelle. Kweli ikichelewa inaokoa kidogo, lakini inaokoa. Siku ingine ukiharibu kintu, kuja siku ileile. Kuja ukitetemeka hivyohivyo. Nitakasirika, nitapiga makelele. Lakini tutakuwa na wakati wa kutafuta pamoja."

Dorcelle alisema ndiyo. Mama yake akamvuta karibu, wakakaa bega kwa bega juu ya mkeka, na wanawake waliokuwa wakiingia wakawapa pole wote wawili.